Thani, Mfalme Wake na Jiwe la Mama

Wanawake wenzangu hulalamika kwa uke wenza. Mie mke mwenzangu alikuwa mfalme wa Kichina, tena aliyekwisha kufa zaidi ya miaka elfu tatu, kwa hivyo sikuwa na pa kumshitakia. Jina lake Wu Ding. Mume wangu Thani alimtaja asubuhi akinywa kahawa, alimtaja mvua ikikataa kunyesha, alimtaja jino likimuuma. “Hata Wu Ding jino lilimsumbua,” hunambia, kashika shavu. “Akauliza kwenye mfupa kama ni marehemu baba yake anayemwadhibu au ni marehemu ammi yake.” Nami namjibu, “Wewe wala huadhibiwi na marehemu, unaadhibiwa na halwa. Nenda hospitali.”

Tulikuwa tukikaa Ibra, na Thani alikuwa na duka la kuandika vibao. Ukipita sokoni miaka ile ya tisini, kila kibao unachokiona, cha fundi cherehani, cha duka la dawa, cha muuza matairi, jina lake limetoka mkononi mwa Thani. Akichonga na mawe ya kuweka juu ya milango ya nyumba. Alikuwa na wafanyakazi wawili wa Kihindi, hodari, lakini herufi hakumwachia mtu. Jina la mtu, akisema, haliandikwi ovyo.

Ule ufundi aliupata Uchina, na mfalme alimwokota huko huko. Thani ni mtoto wa Unguja. Baba yake Mwarabu, watu wake wa kijiji kimoja nje ya Samad Ash Shan. Mama yake, Ghanima binti Marzouq, Mmanyema wa mtaa wa Ng'ambo, asili yake Kongo, kaolewa kwa kadhi na mashahidi, mke wa pili. Mke mkubwa alikuwa Mwarabu, ndiye mama yake Sleyum. Mwaka wa sitini na tatu Thani alipelekwa Peking kusoma uchapaji, ndevu hazijamwota. Hajamaliza hata mwaka, mapinduzi yakaingia Unguja. Baba mtu akawapakia melini wake zake wawili na Sleyum, wakaja Oman kijijini kwao, na Thani akabaki huko huko kwenye baridi, hana wa kumwuliza kitu. Mama yake hakumwona tena. Alikufa mwaka wa sitini na nane, na Thani alipata khabari yuko Dubai anatafuta njia ya kumfuata, mwezi wa kumi na ngapi sijui umepita.

Basi huko Peking, siku za mapumziko, walikuwa wakipelekwa jumba la makumbusho, na huko ndiko alikoviona vile vitu vilivyomshika akili. Mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe. Mfalme akitaka kujua jambo, itanyesha au haitanyesha, vita niende au nisiende, mfupa huunguzwa kwa moto, hupasuka, na ufa ndio jawabu. Halafu swali lenyewe huchongwa pale pale juu ya mfupa pamoja na jina la aliyeuliza. Mifupa ikazikwa ikasahauliwa. Wakulima wakaja wakaifukua wakawauzia watu wa dawa, wakaitwanga. Thani hili ndilo lililomchekesha siku zote: watu walikuwa wakimnywa mfalme wao wakidhani wanatibu homa. Mpaka akatokea mtu akatazama vizuri kabla hajatwanga, akaona ni maandishi. Wafalme ambao wasomi wengine walisema ni hadithi tupu, kumbe walikuwepo, na meno yaliwauma.

Na palikuwa na chungu. Chungu cha shaba, kikubwa, wanaume kadhaa hawakiinui. Wataalamu wanasema alikifanyiza mtoto wa Wu Ding, mfalme vilevile, kwa ajili ya mama yake. Ndani yake mna maneno matatu tu, na moja ni jina la mama. “Maneno matatu, Fawziya,” Thani akanambia, vidole vitatu juu, mara sijui ngapi katika maisha yetu. “Na mama yake hajapotea mpaka leo.” Mie hapo huinuka nikaenda kutazama chungu changu.

Alipofika Oman, mwaka wa sabini milango ya nchi ilipofunguliwa, jambo la kwanza alilotaka ni kaburi. Baba yake naye kesha kufa. Sleyum, kaka yake, ndiye aliyempeleka makaburini kwa watu wao, akanyoosha mkono. “Pale, chini ya mti wa ghafu.” Makaburi ya kule hayaandikwi. Ni mawe yamesimamishwa, basi, na wenyewe wanajuana. Thani akayakubali. Toka siku ile, kila akipata nafasi, anatia mafuta gari, tunakwenda Samad, anakaa chini ya ghafu anasoma Yasin, mie namngoja garini na chupa ya chai. Watoto wamekua kwenye safari hizo. Manar, binti yetu mkubwa, alijifunza kutambaa pembeni ya kaburi lile.

Mwaka wa tisini na tisa Thani moyo ulimsumbua, akalazwa. Alitoka hospitali na jambo lake moja. Anataka kumwekea mama yake jiwe lenye jina. Nikamwambia kwao hawaandiki, utawaudhi watu bure. Akanijibu kwa upole, na Thani akiwa mpole ndio hageuki. “Nikifa mie, nani atajua yule ni nani pale? Sleyum? Sleyum naye atakufa.” Alichagua jiwe la kijivu, dogo, la kubebeka kwa mikono miwili. Akalichonga kwa tindo, mashine hakutaka. Ghanima binti Marzouq, mama wa Thani. Kazi ya wiki nzima kwa mtu ambaye kibao cha duka alikimaliza baina ya adhuhuri na alasiri.

Sleyum alisikia akaja nyumbani. Mtu wa joho la bisht na gari jipya, sauti ya chini, mkono umetulia juu ya fimbo. “Ndugu yangu, sisi hatuandiki makaburi. Ni makruhu.” Thani akamwambia atalilaza chini kabisa, hata mbuzi hatalikwaa. “Hapana,” akasema Sleyum, akanywa kahawa yake, akageuzia mazungumzo kwenye harusi ya Manar. Maana Manar alikuwa keshaposwa. Mchumba wake Aws, kijana wa Sur, watu wa mtaa wa Aija, wenye nyumba za zamani na jina lao. Walikuwa jamaa wa mke wa Sleyum, na Sleyum ndiye aliyesimamia posa. Manar alikuwa amemaliza chuo cha ualimu Nizwa na alikuwa na furaha ambayo mie mama yake sikupata kuiona kwake kabla. Kwa hivyo nilimwombea Sleyum kheri, na moyoni nilimwona kama kiatu kinachobana.

Jumatano nikaenda soko la wanawake. Hapo Ibra Jumatano lipo soko la wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi, mwanamume haingii. Nilikuwa na mtu wangu wa hina na ndimu kavu, Bibi Turkiya, mzee mweusi mkavu, wa kijiji kile kile cha akina Thani, na kazi yake nyingine kule ni kuosha maiti wa kike. Tulikuwa tukizungumza Kiarabu, na alipenda kunisikiliza nikimsema Thani. Siku hiyo nikamsimulia habari ya jiwe, namna alivyokesha nalo, namna alivyonijazia vumbi sebuleni.

“Kaburi lipi?” akauliza.

“La chini ya ghafu. Lile la mawe mawili.”

Akaacha kupima hina. “Mawili?”

“Mawili, bibi. Nimeyatazama toka Manar anatambaa.”

“Mwanangu,” akasema, “kwetu mwanamume ndiye anayewekewa mawili. Mwanamke matatu.”

Sikuelewa. Sisi watu wa Unguja tungejuaje? Kwetu kaburi ni kaburi. Nikamwambia labda jiwe moja limeanguka. Akatikisa kichwa. “Lile chini ya ghafu ni la Marhoun, alikuwa akiuza samli. Nimemjua. Alikuwa na mdomo mchafu, Mungu amsamehe.”

Nikamwuliza Ghanima je. Turkiya akafunga mfuko wa hina, akaufungua, akaufunga tena. “Ghanima nimemwosha mie kwa mikono hii. Alikuwa na alama ya kuungua hapa, mkono wa kushoto. Hakuzikwa pale. Ammi zake Sleyum hawakukubali. Walisema yule si mtu wa kulala na watu wao. Wakamleta kwetu, ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu, wanakozikwa makhadimu, watoto wa watumwa. Mumewe alikuwa keshakufa, mwanawe yuko mbali, nani wa kusema?”

Nilirudi nyumbani bila hina na bila ndimu. Ningeweza kunyamaza, na nilifikiri kunyamaza njia nzima, lakini Thani alikuwa amekaa mlangoni anapangusa lile jiwe kwa kitambaa, nikaona siwezi kumwacha akamwekee mama yake jiwe juu ya muuza samli. Nikamwambia yote. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza, akasema, “Basi Marhoun amefaidi.” Akacheka. Halafu uso ukamvunjika, akalia, mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi, kitambaa mkononi. Alilia kwa kwikwi mpaka wale Wahindi wakatoka dukani kwa nyuma. Niliwachukia watu wa baba yake siku ile, na mpaka hii leo sijapata sababu ya kuacha.

Kwa Sleyum nilikwenda na Thani, maana moyo wake haukuwa wa kuachiwa peke yake. Sleyum alikana kidogo, halafu akakiri.

“Nilikuwa kijana,” akasema. “Walioamua ni ammi zetu. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa.”

“Na mie miaka yote hii? Unaniona nakwenda namsomea muuza samli, na wewe unanifungulia lango la makaburi?”

“Dua inafika popote, ndugu yangu.”

“Alikulea,” Thani akasema. “Unguja, mama yako akiwa mgonjwa, alikubeba mgongoni wewe kabla yangu mie. Ulikuwa ukimwita mama.”

Sleyum akakitazama kikombe chake. Kisha akasema alilokuwa nalo tangu mwanzo, na hapo ndipo nilipojua kwamba lile neno la makruhu halikuwa chochote. “Jiwe lako ukiliweka kule ng'ambo ya wadi, na jina, na binti Marzouq, na mama wa Thani, kesho yake kila mtu amelisoma. Watu wa Aija wanaijua ile sehemu ni ya nani. Sisi tumewaambia bibi yake Manar alikuwa Mwarabu. Wakijua sivyo, hakuna ndoa. Sasa wewe ni baba yake. Amua.”

Nilimwuliza nani alimtuma aseme uwongo kwa niaba yetu. “Shemegi,” akanambia, “bila ya huo uwongo wasingekanyaga mlango wako.” Na la kuumiza ni kwamba alisema kweli.

Siku mbili Thani hakutaja mfalme. Ya tatu akaamka akanambia, “Mama Manar, vaa tutoke.” Nikavaa. Ningefanya nini? Nilimtaka mwanangu aolewe, na nilimtaka mume wangu alale usingizi, na sikujua namna ya kuvipata vyote viwili. Tukalitia jiwe kwenye gari, tukampitia Turkiya kwake, akatuongoza ng'ambo ya wadi. Pakavu, mawe matupu, hakuna ghafu wala kivuli. Makaburi ya wanaume mawili mawili, ya wanawake matatu matatu, mengine yamelala. Turkiya alikwenda moja kwa moja bila kusita. “Huyu,” akasema. “Na ubavuni pake ni mama yangu. Nilimtaka mama yangu apate jirani.”

Thani akavua viatu. Akapiga magoti akaanza kukwangua ardhi kwa mikono, pale kichwani, apate mahali pa kulisimamisha. Nilimsikia akizungumza na mama yake kwa Kiswahili, akimwomba radhi kwa dua zote zilizokwenda kwa Marhoun. Hapo ndipo gari la Sleyum lilipoteremka wadini, na ndani yake yumo Manar, aliyetuona asubuhi tukilipakia jiwe akamwita ammi yake.

Alikuja mbio na abaya yake inaburura. Sleyum alibaki garini. “Shikamoo, baba,” Manar akasema, na mara akaanza kulia. Kiswahili cha Manar ni cha watoto waliozaliwa huku, kikimshinda huingiza Kiarabu. “Baba, min fadhlik, tafadhali, jiwe hii usiweke. Si sasa.”

“Lini?”

“Baadaye. Nikishaolewa. Nikizaa. Mimi najua jina yake, baba. Mimi nitaiweka moyoni.”

“Na watoto wako, utawaambia?”

Manar akageuka akalitazama gari la ammi yake. Alichelewa kujibu, na katika kule kuchelewa sote tulikwisha kupata jawabu, hata Turkiya ambaye Kiswahili hakijui. “Watoto watakuwa watoto wa Aws,” akasema. “Watakuwa watu wa kwao.”

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata moja. Alikuwa mtoto wa miaka ishirini na miwili anayempenda mtu, na haki iliyokuwa ikidaiwa pale ililetwa kwake yeye ailipe, wakati waliofanya makosa wamekwisha kufa au wamekaa ndani ya gari wamewasha kiyoyozi.

Thani alimtazama sana binti yake. Kisha akamwambia, “Haya, mama. Usilie.” Akalichukua lile jiwe, akalipindua, akalilaza uso chini juu ya kaburi la mama yake, akalishindilia kwa udongo mpaka likawa jiwe kama mawe mengine. Maandishi yote yakawa kwa ndani. Manar akambusu kichwani, akakimbilia garini, wakaenda zao.

Njiani kurudi Ibra akanambia, kama anayejibu kitu nilichouliza, “Mfalme wangu naye alikaa chini ya udongo. Mtu akija akafukua, atasoma.”

“Mfalme wako hakukanwa na mjukuu wake,” nikamwambia. Lilinitoka kabla sijalipima.

Harusi ilifanyika Sur mwezi wa pili wa mwaka elfu mbili. Sisi wanawake tulikuwa ndani tangu adhuhuri, Manar kakaa juu ya kiti chake, kapambwa, mzuri mpaka nikasahau kwa saa nzima kumwonea hasira. Nilikuwa nimekaa karibu yake namrekebishia shela. Akaja shangazi yake Aws, mama mwenye dhahabu nyingi na maneno matamu, akamshika kidevu. “Mashallah, macho haya umeyatoa kwa nani? Kwa bibi yako, mama yake baba? Yeye alikuwa wa wapi?”

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa nataka kusema, sijui ningesema nini, lakini jina lilikuwa ulimini. Manar akaniwahi. “Bibi yangu sikumjua,” akasema kwa Kiarabu kizuri, kilichonyooka, akitabasamu. “Alikufa baharini walipokuwa wakija kutoka Afrika. Hana hata kaburi.”

Yule mama akasikitika, akamwombea rehema, akaendelea na zamu ya kuwasalimia wengine. Manar hakunitazama. Nikamaliza kumrekebishia shela kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha kuishika, nikashuka nikaenda kukaa nyuma na wasionijua.

Tulitoka Sur jua bado liko juu, usukani nimeshika mie. Thani alikuwa amechoka, alikaa na mkono kifuani, lakini uso ulikuwa mwepesi, wanaume walimheshimu, alikula vizuri. Tulipokwisha kuuacha mji nyuma akaniuliza Manar alikuwaje. Nikamwambia alipendeza. Akachezea kioo cha dirisha, halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu kidogo tu.

“Kuna mtu aliyemwuliza habari ya mama yangu?”

“Yupo. Shangazi yake Aws.”

“Akamjibuje?”

Nilimtazama. Nimekaa naye miaka na sijapata kumficha neno, zuri wala baya, na mdomo wangu huu kaustahimilia mengi.

“Alisema ni Ghanima binti Marzouq,” nikamwambia. “Mbele ya watu wote.”

Thani akageuka dirishani. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. “Hukumwamini mtoto,” akanambia. “Mie nilijua.” Alinisimulia chungu cha shaba kutoka hapo mpaka Ibra, vidole vitatu juu, nami nikamsikiliza neno kwa neno. Moyo wake ulisimama mwaka wa pili yake, na mpaka siku hiyo kila aliyekuja dukani alimhadithia namna binti yake alivyolitaja jina la mama yake huko Sur.